Udongo wa Bi Mize

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaykum. Huku Mgogoni sote wazima, na mama yako keshavuna muhogo. Unauliza umsikilize daktari wako au mimi niliyekutumia mizizi ya kuchemsha.

Nilipokuwa na mimba ya mama yako, mkunga wetu Bi Mize alinipa udongo nile kutuliza kichefuchefu. Nesi wa Wete akanikataza, akasema unapunguza damu. Nikamficha Bi Mize, lakini akajua. Hakununa. Alinishika mkono mpaka kwa nesi, binti mdogo kabisa, akamwambia, "Nieleze na mimi, mwanangu." Tuliporudi, akaumwaga udongo wake wote uani. Mpaka leo sijaona moyo kama ule.

Mizizi yangu mwonyeshe daktari. Akiikataa, imwage, wala usinifiche.

Bibi yako