Noti ya Chini ya Baba Kifungo

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Marahaba, kabla hata hujasema shikamoo. Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikikanyaga cherehani muda mrefu, na jicho la kushoto limegoma kupitisha uzi kwenye sindano. Wewe je, kile kikohozi kimeisha? Usiniandikie kwamba "kinaendelea vizuri." Kikohozi hakiendelei vizuri, kinaisha au hakiishi.

Sasa nikuulize. Mzigo wako umefika jana, umebebwa na watu wawili wanahema, mpaka jirani akatoka nje akidhani nimenunua friji. Nikafungua, nikatoa makaratasi, nikakuta sanduku jeusi halina mbele wala nyuma. Mjomba wako akasema hiyo ni sabufa, kazi yake kutoa besi. Besi! Nani kakwambia nyumba hii ina njaa ya besi? Baba yako alizichonga spika zile kwa mkono wake miezi saba, mbao zimekunjwa ndani kama utumbo, mdomo umepanuka kama wa tarumbeta, na zikiimba hata barabarani watu wanasikia. Leo unamletea msaidizi?

Lakini nikakumbuka nilichokuandikia mwaka jana. Nilikwambia sauti ya baba yako inanitoka. Uso ninao, mikono ninayo, hata harufu ya gundi ya mbao kwenye shati lake ninayo. Sauti inakwenda. Miaka kumi na moja tangu tumzike si mchezo. Na mahali pekee ilipobaki ni kanda ya kwaya ya kiwanda tuliyoimba naye, ambamo kila mtu anasikika isipokuwa yeye. Ndiyo maana umenunua hilo sanduku. Nimekuelewa, nikalia kidogo, kisha nikarudi kwenye suruali ya mwalimu mkuu, maana anaitaka Ijumaa.

Kisa cha kanda unakijua, ila ulikuwa na miaka minane, huenda umesahau. Wimbo ukifika mwisho sauti zote zinanyamaza, anabaki baba yako peke yake na noti moja ya chini kabisa. Mwalimu wa kwaya alimpa yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufika huko. Tulipoipiga kanda mara ya kwanza hapa sebuleni, wanakwaya wamejaa mpaka mlangoni, tulifika hapo mwisho tusisikie kitu. Mimi na mdomo wangu huu nikasema, "Wenzako waliimba, wewe ulikuwa unapiga miayo." Watu wakacheka, naye akacheka. Hakurudi kwaya tena. Alisema kifua kimechoka, nami nikamwamini.

Haya, niambie hili sanduku linafungwaje. Na simu usinipigie, simu inanikata kabla sijafika kifungo cha mwisho. Andika.

Mama yako

*

Tarehe 26 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa umeitikia kabla sijakuamkia. Kikohozi kimeisha, na nimeandika "kimeisha." Pole na goti. Huku karakana kazi ni nyingi, leo pekee nimefungua redio nne, na bosi wangu anapiga mluzi kutwa nzima wala hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho.

Mama, sijasema spika za baba ni mbaya. Mimi nimefungua spika za watu wengi na sijaona mkono kama ule. Lakini spika yenye mdomo wa tarumbeta ina tabia yake. Inakula umeme kidogo na kutoa sauti kubwa, ila kushuka chini sana haiwezi, labda uijenge kubwa kama chumba. Inafika mahali inaishia. Mimi nadhani baba aliimba, spika zake ndizo zilizoshindwa kumsema.

Fanya hivi. Sabufa iweke kati ya spika mbili, irudi nyuma hadi karibu na ukuta. Sauti ndani ya tarumbeta inapita njia iliyokunjwa, kwa hiyo inachelewa kidogo kutoka. Sabufa ikikaa mbele itawatangulia wenzake. Nyuma yake kuna vitu viwili vya kuzungusha. Kimoja ni cha nguvu. Spika za baba zina kelele ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo sabufa itabidi ijitahidi kuzifikia, lakini uongeze polepole. Cha pili kinaamua sabufa inaishia wapi na spika zinaanzia wapi. Hicho nimekitia alama ya chaki, usikiguse. Halafu kuna swichi ndogo yenye 0 na 180. Anza na 0. Besi ikipungua badala ya kuongezeka, isogeze upande wa pili.

Sabufa iliyokaa vizuri haisikiki, mama. Ni kama mshono wako: mtu akiuona, umekosea. Ukianza kusikia kwamba besi inatoka pale kwenye sanduku, umezidisha.

Na nakuomba sana, usiifunike kitambaa.

Mwanao Kifungo
(niliyemeza kifungo kimoja tu cha koti, jina likanikaa maisha)

*

Tarehe 15 Machi

Mwanangu Kifungo,

Hatujambo. Goti limetulia, mvua ndiyo hazitulii, nguo za wateja zinakauka ndani ya nyumba kama bendera. Natumaini unakula na si kunywa chai tu.

Kitambaa nilikuwa nimeshakiweka kabla barua yako haijafika, kile cheupe nilichofuma mwenyewe, na chombo cha maua juu yake. Nimekitoa. Maua nimeyarudisha. Sanduku tupu linatia aibu sebuleni, mtoto wewe. Nimeyatoa tena.

Nimefuata kila ulilosema. Mjomba wako alivuta sanduku, mimi nikakaa kwenye kiti cha baba yako, katikati, tukaweka kanda. Swichi ikiwa 0, kuna mtu ananguruma ndani ya pipa. Ikiwa 180, ananguruma ndani ya pipa la jirani. Mjomba wako akasema tuongeze nguvu. Tukaongeza, vikombe vikaanza kucheza kabatini, na hapo kwenye noti ya mwisho nilihisi kiti kinatetemeka chini yangu. Lakini mtu hayumo, Kifungo. Yule si baba yako, yule ni mashine ya kusaga. Mtetemo ni wake, labda, ila hauna mdomo, hauna pumzi, hauna yeye. Baada ya noti kuna ule mkwaruzo wa kanda iliyochoka, unaukumbuka, basi, inakatika.

Nimeizima wiki hii. Sisemi umekosea, na pesa zako nazihurumia. Ila pengine tukubali tu. Pengine kweli siku ile hakuimba, kifua kilikuwa kimeanza kuchoka mapema naye hakutaka kutuambia. Ukiona ni hivyo niambie, usinifichefiche. Mimi ni mtu mzima, nikiambiwa kitambaa hakitoshi, najua namna ya kufunga mkasi.

Mama yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa kazini, mpaka bosi akaacha mluzi akaniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, kuna spika.

Usifunge mkasi bado. Kuna jambo halijakaa sawa. Swichi ya sabufa ukiigeuza lazima kitu kibadilike sana, kiwe kibaya zaidi au kizuri zaidi. Wewe unasema vyote viwili ni pipa. Hiyo haiwezekani, isipokuwa kama spika moja inakubaliana na sabufa na nyingine inapingana nayo. Maana yake spika za baba zenyewe zinapingana.

Nikueleze. Watu wawili wakitaka kuhamisha kabati, mmoja asukume na mwingine avute, wote kuelekea upande mmoja. Wote wawili wakisukuma, huyu huku na yule kule, watatoka jasho na kabati liko palepale. Spika nazo ni hivyohivyo. Moja ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, sauti nyembamba zinapita, lakini sauti nene zinauana katikati ya chumba. Na katikati ndipo kilipo kiti cha baba.

Jaribu hivi. Zima umeme kwanza, mama, zima kabisa. Chomoa waya wa spika ya kushoto, sikiliza ya kulia peke yake pamoja na sabufa. Kisha geuza, ya kushoto peke yake. Halafu tazama nyuma ya masanduku. Kila moja lina skrubu mbili, chanya na hasi, na nakumbuka chanya ilifungwa uzi mwekundu. Baba alichonga masanduku yote kwa kipimo kimoja, hayana tofauti hata ya unywele. Kwa hiyo uzi unatakiwa uwe upande uleule kwenye yote mawili. Angalia, kisha uniandikie.

Mwanao Kifungo

*

Tarehe 20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Aprili, na hizo mbili hujazijibu. Nimempigia mjomba, anasema u mzima, unashona, unagombana na muuza vitambaa kama kawaida, ila sebuleni huingii. Umeme ulikupiga? Nimekukosea? Kama ni sabufa, itoe, mpe mtu, nitanyamaza. Sikutaka kukuletea huzuni ndani ya sanduku. Nilitaka tu umsikie.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

*

Tarehe 1 Julai

Kifungo changu,

Marahaba, na nisamehe. Umeme haukunipiga na wewe hukunikosea. Nimekaa na aibu yangu, na aibu haina stempu.

Nilifanya ulivyosema, siku ileile barua ilipofika. Ya kulia peke yake pamoja na sabufa, swichi ikiwa 0, noti ikaanza kuwa na umbo. Ya kushoto peke yake, ikapotea. Nikazima, nikapiga goti na tochi, nikatazama nyuma. Kwenye spika ya kulia uzi mwekundu uko skrubu ya kulia. Kwenye spika ya kushoto uko skrubu ya kushoto.

Ule uzi nilifunga mimi.

Sasa nakumbuka vizuri. Baba yako alikuwa huku kwenye amplifaya, mimi niko nyuma ya masanduku na kijiti changu cha uzi. Akaniambia, "Mama Kifungo, chanya ni ya upande wa nje, nifungie alama." Alikuwa anatazama sanduku la kulia. Mimi nikafunga nje kulia, nikaenda la pili nikafunga nje kushoto. Fundi cherehani gani angefanya vingine? Mikono ya koti haikatwi ikafanana, hukatwa ikatazamana. Ukikata yote miwili ya upande mmoja umeharibu kitambaa cha watu. Naye hakuinama kuangalia. Aliamini mkono wangu, akafunga nyaya kwa kufuata uzi, akasukuma masanduku pembeni, yakakaa hivyo miaka ishirini na sita.

Kuhamisha nyaya mbili ni kazi ya dakika moja. Mimi imenichukua wiki kumi na mbili. Nilikuwa nikifika mlangoni narudi. Nilijiambia, nikizihamisha na sauti yake ikatoka, basi mimi ndiye niliyemnyamazisha mara mbili, kwanza kwa mkono, kisha kwa mdomo, mbele za watu. Na isipotoka, sina tena pa kumtafuta. Nikaona bora nisijue. Barua zako nilizisoma zote, mwanangu, nikaziweka chini ya kipande cha chaki.

Jumapili asubuhi nimeamka nikasema liwalo na liwe. Nikakata uzi wa spika ya kushoto, nikahamisha nyaya zake mbili, nikafunga upya. Swichi ya sabufa nikaiacha 0, nguvu nikapunguza mpaka nikaacha kuisikia, kama ulivyosema. Nikakaa kwenye kiti chake.

Tangu mwanzo wa wimbo nilidhani kuna mtu ameingia ndani. Alikuwepo muda wote, Kifungo, chini ya sauti zetu, ametubeba sote. Wimbo ukaisha, tukanyamaza, akabaki yeye. Akaishika ile noti. Pana, laini, haina wasiwasi, na ina ile mikwaruzo midogo ya mtu aliyemeza vumbi la mbao maisha yake yote. Nikaijua palepale. Jamani, sauti yake! Ilikuwa imenitoka na sasa imerudi, na nililia bila kujificha, maana ni nyumba yangu.

Lakini sijamaliza. Ule mkwaruzo wa baada ya noti si kanda kuchakaa. Ni yeye. Anasema kwa chini kabisa, karibu na kipaza sauti, "Nimepatia?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Siku ya kurekodi nilisimama safu ya mbele yake, nimempa mgongo, na mwalimu wa kwaya alikuwa bado ameinua mkono tusiseme neno. Niliisikia siku ile, naikumbuka sasa, nikasema nitamjibu tukitoka. Tulipotoka tukaanza habari za nauli na za wewe kukohoa, nikasahau. Jibu alilokuja kulipata ni lile la sebuleni.

Nimerudisha kanda nyuma mara moja. Alipouliza, safari hii niligeuka, nikaitazama spika, nikamwambia, "Umepatia, baba Kifungo. Umepatia sana." Nikamwomba radhi, ya mkono na ya mdomo. Nimechelewa, najua. Yeye hakuwa mtu wa kuhesabu siku.

Wanakwaya waliobaki ni sita pamoja na mwalimu wao, siku hizi anatembelea fimbo. Nimewaita wote Jumamosi. Nimewaambia waje wakae palepale walipokaa siku ile wakacheka. Mjomba wako ataweka kanda. Mimi nitakuwa mlangoni, mdomo nimefunga, nimwache aimbe mpaka mwisho.

Mama yako