Pua ya Nyumba Hii

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Mgongo wako unaendeleaje? Tafadhali usinijibu kwa mazoea, maana nakujua, wewe hata ukiwa hoi kitandani ukiulizwa hali unasema salama. Na watoto je, hawajambo? Mkubwa wako alisema angeacha kula kucha akianza kazi. Niambie kama ameacha, au sasa anakula na za wenzake.

Sisi huku tunapumua. Bonge ameanza kutambaa, na chochote kilichoko sakafuni ni chakula chake. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo siku hizi anacheka amefumba mdomo kama bibi harusi. Shemeji yako naye ni mzima. Kule zimamoto wamembadilishia zamu, sasa anarudi nyumbani jioni. Mama mkwe yupo, ila Jumamosi anahamia kwa wifi yangu, na hilo nitalifikia. Mimi mwenyewe ningekwambia sijambo, lakini wewe ndiye uliyenilea. Naogopa, dada. Naamka na hofu, napika na hofu, nalala nayo. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu, na nikisikia sauti yako nitalia kabla sijasema neno.

Unayakumbuka yale mafua makali yaliyotulaza wote? Nilikwambia nimepona. Kweli pua ilizibuka, hewa inapita vizuri, ila harufu haikurudi. Sinusi kitu. Kitunguu kikikaangwa, sabuni, moshi, maziwa yaliyochacha, vyote kwangu ni sawa na maji. Bonge akitoka kuoga namkumbatia, nafukia uso shingoni mwake, sipati chochote. Nilikwenda zahanati kwa siri. Daktari aliniambia nivumilie, kwamba wengine hurudiwa na wengine hawarudiwi, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Utauliza kwa nini sikumwambia shemeji yako. Nilikusudia kumwambia siku ileile niliyotoka zahanati. Jioni hiyo akarudi kutoka kuzima moto kwenye nyumba moja, moto ulioanzia jikoni, na mtoto alikuwa ndani. Walimtoa hai, lakini ameungua. Shemeji yako alikula chakula nilichopika bila kuinua macho, halafu akasema kwamba mtu asiyejua kinachoungua jikoni kwake hastahili kuachiwa mtoto. Hakuwa ananisema mimi, alikuwa amechoka na amekasirika. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, nampakulia. Maneno yangu nikayameza, na mpaka leo yamenikaa kooni.

Basi nikaanza kuishi kwa hila. Kila alfajiri nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi ili nione kama kuna mahali panapotoa mapovu. Dirisha moja la jikoni sikulifunga hata wakati wa baridi. Maziwa niliyachemsha kwanza nione kama yatakatika. Nepi za Bonge nilizikagua kwa mkono, kazi isiyo na heshima hata kidogo. Binti nikamzoesha kuniambia mchuzi unanukiaje, nikijifanya ni mchezo wetu wa mama na mwana. Nikapika vizuri, dada, usidhani hawakula. Ila kila sufuria niliyoteleka niliisimamia roho juu juu.

Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mama mkwe. Kimoyomoyo nilimpa jina la Mkaguzi. Sijui alianza lini, lakini nikawa kila nikiamka namkuta amesimama mlangoni mwa jikoni, kichwa juu kidogo, kimya. Mchana nikitoka kidogo, nikirudi yumo jikoni anafunua masufuria. Mara tatu au nne nilikuta chakula nilichokiweka kimemwagwa, naye akasema paka wa jirani amekilamba. Paka huyo, dada, alikuwa na bahati mbaya kuliko paka wote, maana kila alichokilamba kilikuwa changu. Nikaona wazi kwamba ananidharau. Nikaona ananivizia anikamate, siku moja amwambie mwanawe kwamba mkewe hafai. Yule mama ndiye niliyemwogopa kuliko gesi.

Sasa nikueleze ya jana. Gesi iliisha asubuhi. Muuza gesi akaleta mtungi mwingine, akaufunga mwenyewe, akaondoka na ule mtupu. Povu langu nilikuwa nimeshapaka alfajiri, na mazoea yana taabu zake: akilini mwangu kazi ya povu ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo. Kumbe pale kwenye kichwa cha mtungi, kile kimpira cha ndani kilikuwa kimejikunja, gesi inavuja. Nje kulikuwa na upepo wa vumbi, nikafunga na lile dirisha ambalo huwa silifungi. Bonge nilimlaza chumba cha pili, mlango wazi ili nimsikie akiamka. Nikarudi kuteleka uji. Jiko letu kitufe chake kilikufa zamani, tunawasha kwa kiberiti. Nikatoa njiti.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo. Goti lake unalijua, hata kizingiti hukivuka kwa dua. Sijui alifikaje. Nilichoona ni taulo bichi likinipiga mkono, na kiberiti kikarukia chini ya meza. Hakupiga kelele. Alifunga mtungi, akafungua dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini nimchukue mtoto nitoke naye, na nisiguse swichi yoyote. Nilimtoa Bonge angali amelala.

Tulikaa uani juu ya ndoo zilizofudikizwa, tukaacha nyumba itoe ile hewa. Nikangoja nitukanwe. Yeye alipumua kwanza, akasugua goti lake, halafu akaniuliza ni tangu lini sinusi. Nikajifanya sielewi swali. Akaniambia nisimchoshe, yeye ni mtu mzima. Akanikumbusha siku maziwa yalipoungua nikiwa nimekaa nje ya mlango wa jikoni nasuka nywele za binti, naimba, na nyuma yangu moshi unatosha kufukuza nyuki. Alisema siku ile alikuja na hasira zake zote anigombeze. Lakini nilipogeuka nikauona ule moshi, nililia. Mzembe, alisema, huwa halii, hutafuta wa kumsingizia. Ndipo akaelewa.

Tangu siku hiyo, dada, amekuwa akiamka kabla yangu ili aende kunusa jiko. Chakula alichomwaga kilikuwa kimeharibika, na paka hakuwapo. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mwanawe. Akajibu kwamba jiko ni langu na siri ni yangu, ningetaka ajue ningemwambia mwenyewe. Akasema mikono ya kulea nyumba hii ni yangu na inatosha, yeye aliongeza pua tu.

Kisha akasema jambo lililonimaliza kabisa. Kuhamia kwa wifi hakumsumbui, alisema, kwa kuwa mtoto akikuita utakwenda. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba hajui nani atanusa hapa akishaondoka. Akaanza kunipangia: mke wa fundi cherehani hapo jirani ana pua nzuri, nimwombe apite kila asubuhi, nimpe sababu yoyote, hata ya kuazimana chumvi. Na mtungi ukibadilishwa, nisiwashe mpaka mtu mwingine aingie jikoni. Aliyasema hayo yote polepole, na kila mara alikuwa akinigeukia aone kama nimeshika.

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia mtu. Wifi hakumwita Mama. Ni mimi niliyemtaka aondoke. Juma lililopita nilimwambia shemeji yako kwamba siwezi tena kukaa na mama yake, ananichungulia, ananimwagia chakula, ananitia aibu mbele ya mtoto. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, dada, kwa sababu hofu ilikuwa ya kweli. Nikamwambia achague. Hakuchagua siku hiyo. Kesho yake akampigia dada yake simu wapange la kumwambia Mama. Wakamwambia wifi amezidiwa na watoto na anamhitaji. Naye akafurahi kuhitajiwa, akaanza kufua nguo zake. Hizo alizokuwa anaanika jana ndizo nguo za safari.

Hata jana pale uani sikumwambia. Ulikuwa ukituambia zamani, tulipoficha vidonda vya kuanguka, kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilificha maradhi, na kifo nusura kimchukue Bonge.

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni. Mama yuko chumbani anakunja zile nguo, namsikia akikohoa. Naogopa shemeji yako ataniangalia kama anavyowaangalia wale wenye majiko yaliyoungua anaotusimulia habari zao. Naogopa Mama akijua kwamba ni mimi, atafunga sanduku lake kwa hasira aondoke leo leo, na atakuwa na haki. Naogopa wataniondoa jikoni, na sijui mimi ni nani nisipopikia watu wangu. Lakini kuliko hayo yote naogopa kufika Jumamosi nikiwa kimya, nikasimama mlangoni kumpungia mkono mtu niliyemfukuza kwa sababu ya kunilinda.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwambie mla kucha ninamwonea fahari hata kama hajaacha. Mama mkwe anakusalimu sana. Amesikia naandika, akasema nikuambie utafute maji ya moto kwa ajili ya huo mgongo, na usibebe ndoo.

Anwani yako nimeshaiandika juu ya bahasha, lakini sijaifunga. Shemeji yako anarudi muda si mrefu. Nitawakalisha pamoja, yeye na mama yake, niwaambie yote mawili, la pua na la Jumamosi. Nikishasema ndipo nitakapoifunga. Kwa hiyo barua hii ikikufikia mkononi, dada yangu, ujue nimesema.

Ni mimi,
kitindamimba wako.