Babu, Jina la Mjomba Limesomwa Kanisani

Babu yangu mpendwa,

Jumapili iliyopita tulikuombea Misa ya kutimiza mwaka tangu ututoke. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Lakini kuna jambo lilifanyika siku hiyo ambalo ungekuwepo usingelikubali, na nimeona afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu mwengine.

Si wote watakaosoma barua hii waliokujua. Ulikuwa mpishi wa melini. Ulishuka kutoka Taita ukiwa kijana, ukaja Mombasa kutafuta kazi, na kazi uliyoipata ikakuchukua hadi Durban, Bombay, Marsei, na miji mingine uliyoyatamka majina yake kwa namna yako mwenyewe. Wenzako wakishuka bandarini walitafuta starehe. Wewe ulitafuta kanisa. Ulinihadithia ile siku ya Bombay, mvua ilipokukuta njiani ukaingia Misa umeloa chepechepe, na mama mmoja mzee akavua shali yake akakufunika bila kukuuliza watoka wapi.

"Hakujua lugha yangu wala mimi yake," ulisema. "Lakini padre aliposema Dominus vobiscum, Bwana awe nanyi, tulimjibu kwa sauti moja."

Baada ya hapo ukawa waniamkia kwa maneno hayo kila asubuhi. Nami, mtoto mdogo nisiyejua nisemalo, nilikujibu kwa Kilatini ulichonifundisha: "Et cum spiritu tuo!" Ukacheka mpaka machozi. "Mke wangu huyu, msomi kama askofu!"

Ulipoacha kazi ulijenga nyumba mtaani Bofu, huko huko Mombasa. Jumuiya ya kanisa ikasali rozari barazani kwako, na jirani yako Mzee Athumani, akitoka msikitini, alikaa kwenye kiti chake ng'ambo ya uchochoro akingoja mmalize ili mnywe kahawa. Siku za sikukuu ulipika samaki wa siki na pilipili, vile ulivyofundishwa na Mhindi wa Goa uliyepika naye melini, ukampelekea sahani yake kabla sisi hatujaonja.

Halafu ikaja habari ya Mjomba Patrisi.

Mwanao huyo wa pekee wa kiume alitaka kuwa baharia kama wewe. Ulimtafutia nafasi kwa marafiki zako wa zamani, ukamwekea mkono kichwani siku aliyoondoka, akapanda meli ya uvuvi. Alitupigia simu kila walipofika bandari. Kisha simu zikakatika. Wenye meli wakasema alionekana jioni akivuta nyavu, kulipokucha hayupo, na hakuna aliyejua zaidi. Mwili haukupatikana.

Mama yangu alitaka tumwombee kaka yake Misa ya marehemu. Nakumbuka ulivyoinuka kitini.

"Misa ya marehemu ni ya marehemu," ulisema. "Nani amemwona mwanangu amekufa? Wewe umemwona?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulia nyumbani mwako. Kila mwisho wa rozari ulimtaja Patrisi katika wasafiri, mwaka baada ya mwaka, na sisi tukaitikia. Mama aliitikia akiangalia sakafu.

Ulipougua, nilikuja kukaa nawe. Padre akaja na mafuta matakatifu kukupa mpako wa wagonjwa. Nilikuwa nimekuvisha shati jeupe. Akakusalimia, wewe ukageukia ukuta.

"Wakesho," ukaniambia, "mpe padre chai."

"Babu, amekuja kukupaka mafuta."

"Nimekwambia umpe chai."

Padre alikunywa chai ile polepole, akasali kimya mlangoni, akaenda zake. Siku chache baadaye ukafariki. Mazikoni watu walipouliza, Mama aliwaambia ulipakwa, na kwamba ulikwenda kwa amani. Sikumlaumu. Angewaambia nini? Mtu aliyeloa mvua Bombay kwa ajili ya Misa, ameikataa sakramenti kitandani kwake?

Jambo hilo limenikosesha raha mwaka mzima, Babu. Nikisali, nauona mgongo wako. Nilijiuliza kama imani yote ile ilikwisha, au kama haikuwepo tangu mwanzo. Siku chache kabla ya Misa hiyo nilishindwa kuvumilia, nikamwendea Mzee Athumani nikamweleza yote.

"Alasiri ya mwisho aliniita," akasema. "Akaniambia, 'Athumani, mimi na Mungu wangu tumenuniana. Namwomba jambo moja tu, hanijibu. Hebu omba wewe.' Nikamuuliza, nikuombee afya? Akasema, 'Si mimi. Mwanangu. Mwombe anionyeshe mwanangu.' Wallahi, mjukuu wangu, nilinyanyua mikono nikaomba dua, na nilipomaliza akaitikia amina kabla yangu."

Sijui kama nilifarijika. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama amekaa na picha ya Mjomba mapajani. Nikamhadithia. Akasema, "Wakesho, mimi nimechoka kumngoja. Nataka kumlilia kaka yangu."

Tulikwenda pamoja kwa katekista kuandikisha majina ya kuombewa katika Misa yako. Akauliza kama jina la Patrisi aliandike na wasafiri kama siku zote. Mama alinigeukia. Mimi ndiye niliyesema, "Liandike na marehemu."

Basi Jumapili majina yakasomwa, lako kwanza, lake likafuata. Mama alianguka kifuani kwangu akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, hata siku ya mazishi yako. Waumini waliacha kuimba. Padre alisimama altareni akangoja mpaka amalize. Mama analala vizuri tangu siku hiyo, na anakula. Mimi sijatulia. Kila nikikumbuka ulivyoinuka kitini, naona kana kwamba ni mimi niliyemzika mwanao.

Ikiwa mmekwisha onana huko uliko, basi nawe umeyajua, na utanisamehe. Ikiwa hujamwona, Babu, nijulishe kwa njia yoyote uwezayo. Nitarudi kwa katekista mimi mwenyewe, nimwambie alifute jina lake kwenye orodha ya marehemu.

Ni mimi mkeo mdogo, mjukuu wako,
Wakesho