Busia ya Wapi

Baba Sandra,

Maharage yako jikoni, uyapashe moto. Kuku wamekula.

Yule muuzaji wa cherehani niliyonunua mtandaoni aliandika, "Kuchukua ni Busia, bure." Leo asubuhi akageuka, eti ni Busia ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, na kuivusha nilipe mimi. Nikakataa. Akachoka kubishana, akanirushia ujumbe wako wa sauti ukimwambia, "Mwambie iko ng'ambo, atalipa tu, tutagawana."

Akakiri kumbe cherehani iko huku huku Uganda, kwa dada yako kule Buteba.

Nimekwenda kuichukua. ~~Nitarudi jioni.~~ Naipeleka kwa mama, Tororo, na mimi nabaki huko.

Suruali yako iliyochanika iko kitandani. Ukitaka nikushonee, ilete. Usafiri ni juu yako.

Mama Sandra