Bomba la Wendell

Mdogo wangu Wendell,

Hapa Brigantine baridi haijaisha, ila samaki wa mistari wamerudi na ufukweni tumejaa kama siafu, kila mtu na fimbo yake ya kuvulia. Jumapili nilivua mmoja mnono. Nusu bado imo kwenye friji, maana mtu mmoja hammalizi. Paka wa Clyde, jirani yangu, amezaa chini ya ngazi yangu.

Bomba lako la kusimamishia fimbo bado nalichomeka mchangani kando ya langu. Unaijua desturi yetu: penye bomba pana mwenyewe, hasogei mtu. Wakiniuliza nasema, "La ndugu yangu. Kaenda garini kuchukua kahawa." Mwaka jana nilisema hivyo majira yote, na mwaka huu pia.

Barua zangu zinakufikia huko Arizona? Ule ugomvi wa kuuza nyumba ya mama mimi nimeshausahau. Ulisema nibaki nayo, nami nimebaki nayo. Sina hata wa kugombana naye humu ndani.

Jana upepo ulikuwa mkali. Clyde, ambaye kila siku hunitania, "Wee Maureen, hao samaki unawabembeleza au unawavua?", alikuja na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja akanipa. Cha pili akakididimiza mchangani, chini ya bomba lako.

"Akirudi kutoka garini atakikuta," alisema, wala hakucheka.

Kilipoa, Wendell. Nikakinywa mimi.

Dada yako,
Maureen