Maji ya Uluguru kwenye Postikadi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Huku Morogoro sote wazima. Mjomba wako yuko Dakawa anavuna mpunga, na mguu wangu umepata nafuu.

Umeniuliza uchore nini kwenye hiyo postikadi ya Tanzania waliyokuagiza chuoni, maana twiga na Kilimanjaro wenzako wameshachora. Mimi ningechora maji ya Uluguru.

Nilipoolewa na babu yako nilitoka Kondoa, ambako tulichimba mchanga wa mto mkavu tupate ndoo moja. Kule kwao Kinole, milimani Uluguru, nilikuta mvua na ukungu, hata milima siioni, nikalia nirudishwe kwetu. Mama mkwe hakunigombeza. Asubuhi alinishika mkono, tukapanda katikati ya migomba mpaka kwenye mwamba. Mara ukungu ukafunguka. Mlima ulikuwa umenisimamia juu ya kichwa, na maji meupe yanashuka kwa kishindo bila mtu kuyachimba. Nikakaa chini.

“Mama, haya maji ni ya nani?”

Akacheka. “Ya Mungu. Sisi wanywaji tu, na wa mabondeni wanayasubiri. Kunywa, mwanangu.”

Nilikunywa mpaka kanga ikalowa, nikacheka na kulia pamoja. Sikutaja tena habari ya kuondoka.

Chora unavyoona mwenyewe, mama. Ila ukiuchora mlima, mtu mweke mdogo sana, amekinga mikono.

Bibi yako,
Zaina