Mbuzi Yako ya Nazi Inasikika Galu

Shoga yangu Mwanasiti,

Nimechoka, mwenzangu. Miguu imevimba, hata buibui sijalivua, lakini hili halingoji.

Leo nimeshinda Galu. Mwanangu Rehema, huyu niliyemzaa mimi, amefungua onyesho lake. Si picha wala ngoma. Ni chumba cha giza, mikeka chini, spika zimefichwa pande zote. Unakaa, na uani kwetu Msambweni kote kunakuzunguka: ufagio wa makuti, ndoo ikijaa, mtu akikohoa. Wageni walitoka wakifuta macho. Nami kila aliyepita mlangoni nilimwambia mwenye kazi hii nimemnyonyesha mimi. Wengine niliwaambia mara mbili.

Unaikumbuka siku aliyokuja kurekodi? Niliwanyamazisha watu nyumba kwa nyumba. Redio nikazima, jogoo nikamfunika tenga. Kumbe mtoto alizifuata kelele hizo hizo, naye kwa kuniheshimu hakunizuia. Wote walitii isipokuwa wewe. Ulikaa juu ya mbuzi yako ukakuna nazi, khwaru khwaru, ukasema, "Nazi haijui mgeni, Mama Rehema. Mie wali wangu wataka tui." Nikakukaripia: "Nyamaza basi, waniharibia mtoto."

Siku ya tatu ukaanguka, tukakuzika. Hatukuwa tumesemezana tena. Neno langu la mwisho kwako likawa hilo, na nimelibeba, shoga, limenichosha kuliko matanga.

Asubuhi, kabla watu hawajaingia, Rehema alinikalisha mkekani peke yangu. Akaniuliza, "Mama, pale unapomkaripia, nikate?" Nilikuwa tayari kusema akate. Aibu gani hiyo, mbele za watu. Basi akaniwekea nisikilize. Mbuzi yako ikakuna. Nikakukaripia. Halafu... ukacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kile chako, kisha ukakuna kwa nguvu zaidi.

Sikukisikia siku ile. Nilikuwa nimeshageuka kumnyamazisha mwingine.

Nikamwambia mwanangu apaache kama palivyo. Nikikatwa mimi, watu hawatajua ulimcheka nani.

Mbuzi yako wanao wamenipa. Kila Ijumaa nitaikalia, nikukunie nazi moja, nikuombee dua. Pumzika, mwenzangu, Mungu akupe nafasi huko uliko. Na uani kwetu simnyamazishi mtu tena, hata jogoo.

Mwenzio,
Mama Rehema